Sura ya Tano: Kokwa Haitoi Ahadi

Kila msimu wa maembe unapokaribia, liko swali ambalo wenye mashamba na wenye viwanja huliuliza, na wengi wao huliuliza kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa: "Nilikula embe dodo tamu, lisilo na uzi hata mmoja, nikaihifadhi kokwa yake, nikaipanda kwa mkono wangu, nikaizungushia miiba isiliwe na mbuzi, nikangoja miaka minane, mbona mti umenizalia maembe madogo, makali, yenye nyuzi zinazonasa katika meno?" Hapo hutuhumiwa ardhi, na maji ya kisima yenye chumvi, na pengine jirani mwenye kijicho.

Ardhi haina hatia, wala jirani. Jawabu limo ndani ya kokwa yenyewe, nalo likishaeleweka humfaa mtu si katika kuchagua mche tu, bali pia katika kufahamu kwa nini maembe yana majina mengi kiasi hiki, kwa nini mti uliojaa mwaka huu hunyamaza mwaka ujao, na kwa nini mwembe mkubwa wa shambani, ambao hakuna ajuaye aliyeupanda, usiangushwe kwa pupa.

Ua dogo na nzi wake

Mwembe ni katika miti isiyopukutisha majani yake yote kwa wakati mmoja, ndiyo sababu kivuli chake hudumu kiangazi na masika. Walakini haukui mfululizo; hukua kwa vipindi. Ncha za matawi hutulia kwa miezi, kisha ghafla huchipuza majani malaini, yenye rangi ya shaba, yaliyoning'inia, ambayo baada ya wiki chache hugeuka kijani na kukakamaa. Maua hutoka kwenye ncha hizo hizo, kwa sharti kwamba ziwe zimekwisha komaa na kupata baridi au ukavu wa kutosha. Katika pwani yetu kazi hiyo hufanywa na kipupwe, kati ya Juni na Agosti, wakati kusi inapovuma. Na maembe ya maua hayo huwa tayari kuanzia Novemba hadi Februari, kaskazi ikiwa imeshika. Baadhi ya miti ya pwani hutoa pia mazao kidogo katikati ya mwaka, na wenye miti hiyo huuza kwa bei wanayotaka.

Maua ya mwembe hutoka kwa mashada, na shada moja huwa na maua mamia, hata maelfu. Mengi katika hayo ni ya kiume tu, yasiyoweza kuwa tunda kamwe. Yaliyobaki yana uume na uke pamoja, nayo ndiyo ya kutumainiwa. Ili ua litunge tunda, sharti lifikiwe na chavua, yaani ule unga laini wa kiume, na anayeubeba aghalabu si nyuki bali ni nzi, pamoja na wadudu wengine wadogo ambao hakuna anayewashukuru. Mkulima anayepiga dawa ya wadudu wakati mti umechanua huua wakunga wa mazao yake mwenyewe. Na hata wadudu wawepo kwa wingi, katika kila maua mia moja halifiki moja linalodumu mpaka likawa embe la kuchumwa. Hivyo mtu akiona ardhi chini ya mwembe imejaa maua makavu na vitunda vidogo mfano wa njugu, asidhani kwamba mti umelogwa.

Sasa natufikiri. Nzi huyo aliyetua kwenye ua la mwembe dodo ametoka wapi? Huenda ametoka shada la pili la mti uo huo. Huenda ametoka mwembe wa kienyeji ulio nyuma ya msikiti, au ule wa barabarani ambao watoto huupiga mawe. Tunda litakalotungwa litakuwa dodo halisi kwa nyama, kwa ganda na kwa harufu, maana vyote hivyo ni mwili wa mama. Lakini ndani ya kokwa mna kiinitete, yaani mti mchanga uliojikunja ukingoja kuota, na huyu ni mtoto wa wazazi wawili. Ndugu wa tumbo moja hawafanani, wala hakuna anayewashangaa. Ajabu ni kwamba tunaushangaa mwembe kwa jambo ambalo kwa wanadamu tumelizoea.

Koo mbili za maembe

Maneno hayo yana upande wa pili, na bila kuutaja huo sura hii ingekuwa imesema nusu ya kweli, kwani wako watu waliopanda kokwa wakapata embe lile lile walilolila, na ushahidi wao si wa kupuuzwa.

Asili ya mwembe ni upande wa mashariki wa Bara Hindi na nchi zinazopakana nao kuelekea Burma, ambako umepandwa kwa maelfu ya miaka. Kutoka huko zimetokea koo mbili. Ukoo wa Bara Hindi huwa na kokwa yenye kiinitete kimoja, huyo mtoto wa baba na mama tuliyemtaja. Ukoo wa nchi za mashariki zaidi, kama Thailand, Indonesia na Ufilipino, huwa na kokwa zenye viinitete vingi. Kimoja kati ya hivyo huwa mtoto wa wazazi wawili, na vilivyobaki huota kutokana na mwili wa mama peke yake, bila ya baba kuwa na sehemu yoyote. Miche itokayo katika hivyo vya mama ni mama yule yule amerudi upya, hana hitilafu.

Kuzitambua si kazi ngumu. Kokwa isafishwe, ikaushwe kivulini kwa siku moja au mbili, kisha gamba lake gumu lifunguliwe kwa kisu pole pole bila kuijeruhi mbegu iliyomo ndani. Mbegu ikiwa imegawanyika sawasawa katika pande mbili, hiyo ni ya kiinitete kimoja. Ikiwa na vipande vingi vilivyobanana na kupandana, ni ya viinitete vingi, nayo ikiota itatoa machipukizi mawili, matatu au zaidi. Mtoto wa wazazi wawili mara nyingi huwa dhaifu miongoni mwa ndugu zake, na wenye vitalu huung'oa mche wowote ulioachana na wenzake kwa umbo au kwa kimo. Kokwa ya mwembe, ya ukoo wowote, haistahimili kuwekwa; ikikauka mno hufa, na inayotakiwa kupandwa na ipandwe katika wiki moja au mbili tangu embe kuliwa.

Kwa ufupi: nyama ya embe ni mwili wa mama, lakini kokwa ya kiinitete kimoja ni mtoto wa wazazi wawili, na hakuna awezaye kuapa atakavyokuwa. Kokwa ya viinitete vingi ndiyo inayoweza kumrudisha mama. Maadamu mengi katika maembe yanayosifiwa sokoni ni ya namna ya kwanza, anayetaka embe analolijua asitegemee kokwa.

Kubebesha

Atategemea nini, basi? Atategemea tawi. Mtu akikata kijitawi cha mwembe bolibo na kukiunga juu ya mche wa mwembe mwingine, kile kijitawi hakisahau nasaba yake. Huendelea kuwa bolibo, kikachanua na kuzaa bolibo, huku mizizi iliyo chini ikikipa maji tu. Kazi hiyo ndiyo iitwayo kubebesha. Tukitafakari vizuri tutaona jambo la kustaajabisha: bolibo zote za kubebeshwa, katika kila shamba, ni vipande vya mti mmoja wa zamani ambao umekuwa ukigawanywa na kuendelezwa mkono kwa mkono.

Huko Goa, katika karne ya 16, Wareno waliieneza kazi hii katika miembe, na embe la Alphonso, linaloheshimiwa mno na Wahindi mpaka leo, limebeba jina la Afonso de Albuquerque, mtawala wao. Kwetu sisi uko mfano wa Ujiji, kwenye ukumbusho wa mahali walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe. Mti wenyewe haupo tena, lakini husemwa kwamba miembe miwili iliyosimama pale imebebeshwa kutoka kwa ule wa asili. Ikiwa habari hiyo ni sahihi, basi kivuli kile ni kile kile, kwa maana halisi ya neno.

Mfuatano wa kazi ni huu, na kila hatua ina sababu yake:

1. Mche wa chini. Zioteshwe kokwa za maembe ya kienyeji yenye nyuzi, kwa kuwa mizizi yake ina nguvu na ustahimilivu. Mche ukifikia unene wa penseli, uko tayari.

2. Kijitawi cha juu. Kichaguliwe kutoka mti uliokwisha zaa, ambao matunda yake yameonjwa, na kiwe ncha ya tawi iliyokomaa isiyo na maua. Siku saba hadi kumi kabla ya kukikata, majani yake yaondolewe na vikonyo vya majani viachwe. Vikonyo hivyo vitadondoka vyenyewe na macho ya kijitawi yatavimba, na hiyo ni dalili kwamba kina hamu ya kuchipua.

3. Kuunga. Mche ukatwe kichwa, upasuliwe katikati kwa kina cha sentimita tatu au nne. Kijitawi kichongwe pande mbili kiwe kabari, kisha kipachikwe mle. Ganda la ndani la kijitawi sharti likutane na ganda la ndani la mche walau kwa upande mmoja, maana hapo ndipo uhai unapopita.

4. Kufunga. Pazungushiwe utepe wa plastiki kwa nguvu, maji na hewa visipenye, na kijitawi kifunikwe mfuko mwembamba wa plastiki kisinyauke. Miche iwekwe kivulini. Kati ya wiki ya tatu na ya sita, panapo majaliwa, machipukizi yataonekana.

Kisu kiwe kikali na safi. Wanaoshindwa kazi hii, mara nyingi huwa wameshindwa na kisu tu.

Mche uliobebeshwa hupandwa masika yanapoanza, katika shimo la sentimita 60 kila upande, lililochanganywa samadi iliyooza vizuri, na kati ya mti na mti paachwe mita kumi. Nafasi hiyo humwumiza moyo mwenye shamba dogo, akaona ardhi inapotea. Lakini anayepanda kwa kubana atakuja kulima kivuli. Katika miaka ya mwanzo na apande kunde au mihogo katikati, maana mwembe mchanga hauna kinyongo. Maua ya mwaka wa kwanza na wa pili yaondolewe, mti upate kujenga mwili. Mti wa kubebeshwa huanza kuzaa kwa kawaida mwaka wa tatu au wa nne, ilhali wa kokwa huhitaji miaka sita, minane, hata kumi.

Liko lalamiko moja ambalo husikika sana vitaluni: "Niliuziwa mche wa kisasa, ukageuka." Mche haugeuki. Lililotokea ni kwamba chipukizi limetoka chini ya kiungo, katika sehemu ya mche wa kienyeji, na kwa kuwa lina nguvu zaidi limekua upesi, likakizidi kile kijitawi cha juu kikafa kwa kunyimwa chakula, na mwenye mti, kwa furaha ya kuona mche wake unakua haraka, akaupa maji zaidi. Chipukizi lolote litokalo chini ya kiungo liondolewe siku lionekanapo.

Na yule ambaye tayari anao mwembe mkubwa mkali, asiuangushe. Matawi yake yakatwe yabaki visiki, yaachwe yachipue, kisha machipukizi machache yenye afya yabebeshwe vijitawi vya embe analolitaka. Mizizi ya miaka mingi ikipata kichwa kipya hukilisha kwa nguvu isiyo ya kawaida, na miaka miwili au mitatu haipiti sana kabla ya mavuno.

Kokwa isidharauliwe

Msomaji asije akahitimisha kwamba kokwa ni adui. Dodo la kwanza liliota kwa kokwa. Bolibo ya kwanza kadhalika, na Ngowe na Apple ambazo zilijulikana pwani ya Kenya kabla ya kutapakaa Ukambani. Kila embe lenye jina lilianza kuwa mti mmoja usio na jina, ulioota kwa bahati, ambao mtu mmoja aliuonja akaona una jambo.

Kisa kinachoeleza haya vizuri kuliko vyote ni cha Marekani, katika jimbo la Florida. Mwaka 1889 ililetwa huko kutoka Bara Hindi miche ya embe liitwalo Mulgoba, tamu lakini la kuzaa kwa shida. Mwaka 1902 askari mstaafu, Kapteni John Haden, alipanda kokwa za Mulgoba huko Coconut Grove. Yeye mwenyewe alifariki kabla ya kuona tunda, na miti ilipozaa mwaka 1910, mmoja wao ulitoa maembe makubwa, yenye mashavu mekundu, ambayo hayakufanana na ya mama yake. Likaitwa Haden. Kokwa ile ile ambayo kwetu ingelaaniwa kwa usaliti, kule ilizaa biashara nzima, kwa kuwa mengi katika maembe mekundu yasafirishwayo duniani leo ni watoto au wajukuu wa mti ule.

Mmoja wa watoto hao ni Tommy Atkins, na habari yake hainifurahishi. Wajuzi wa maembe wa Florida walipoletewa tunda hilo katika miaka ya 1950 walilikataa, wakasema lina nyuzi na ladha yake ni ya kawaida tu. Wafanyabiashara hawakujali, kwa sababu lina rangi ya kuvutia, ganda gumu, na hukaa siku nyingi bila kuharibika. Likatawala masoko ya Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Macho hununua kabla ya ulimi, na mkulima wa kwetu anayeshauriwa kupanda maembe ya kusafirisha sharti alijue hilo. Lakini kwa uwanja wa nyumba yake, kwa watoto wake na wageni wake, sioni kwa nini ang'oe dodo.

Mwaka wa neema na mwaka wa ukavu

Swali la pili kwa wingi ni la mti unaozaa kupita kiasi mwaka mmoja na mwaka ufuatao ukatoa majani matupu. Tumekwisha sema kwamba ua hutoka kwenye ncha iliyokomaa. Mti uliobeba maembe mengi hutumia akiba yake yote kuyalisha, ukachelewa kuchipua upya. Kipupwe kinapofika, ncha zake ima hazijatoka, ama zingali changa, nazo haziwezi kuchanua. Mwaka huo wa mapumziko huchipua sana, na mwaka wa tatu hulipa deni. Baadhi ya namna za maembe zina tabia hii zaidi ya nyingine, hata haiwezi kuondolewa kabisa, ila hupunguzwa kwa kupogoa mti mara tu mavuno yanapokwisha, ili uchipue mapema, na kwa kupunguza matunda yangali madogo katika mwaka wa wingi.

Vijijini wako wanaoukata mwembe mkaidi kwa panga kwenye gome, kuutisha, na baadhi ya miti hutishika kweli. Sababu si woga: chakula kitengenezwacho na majani hushuka kupitia ganda la ndani, na jeraha hilo hukizuia kikabaki juu, mti ukachanua. Lakini jeraha hilo hilo ni mlango wa kuvu na wadudu, na mti wenye makovu mengi haufi siku moja, hufa kidogo kidogo. Wafilipino walikuwa na njia ya upole zaidi, ya kuwasha moshi chini ya miembe kwa siku nyingi mfululizo mpaka matumba yatokee. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wao, Ramon Barba, aligundua kwamba kunyunyizia majani yaliyokomaa maji yaliyochanganywa kidogo na nitrati ya potasiamu, chumvi itumiwayo pia kama mbolea, hufanya kazi hiyo bila moshi, na njia hiyo imeenea katika nchi nyingi za joto.

Kinachoshinda hila zote hizi ni mvua inyeshayo maua yakiwa wazi. Hapo huja ugonjwa wa madoa meusi uunguzao mashada. Na palipo na baridi na ukavu huja ukungu mweupe uliofanana na unga. Mti uliopogolewa ukapitisha hewa na jua hupona kwa urahisi kuliko uliosongamana.

Nzi mgeni na chungu mwenyeji

Mwaka 2003 wataalamu wa kituo cha ICIPE cha Nairobi walimkuta pwani ya Kenya nzi wa matunda ambaye hakuwa amewahi kuonekana barani Afrika. Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, na baadaye ikathibitika kwamba ni yule yule anayejulikana Asia kama Bactrocera dorsalis. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kuiva, akataga mayai. Mayai huwa funza, funza hula nyama, embe huanguka, na funza hujichimbia ardhini kugeuka nzi. Katika miaka michache alikuwa amekwisha enea sehemu kubwa ya bara, na uharibifu wake ulikuwa mkubwa hata mwaka 2014 Kenya ikasitisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya, isirudi sokoni humo mpaka mwaka 2021.

Silaha ya kwanza dhidi yake ni ufagio. Maembe yaliyoanguka yasiachwe chini ya mti, maana kila moja ni kitalu cha nzi. Yazikwe kwa kina kisichopungua nusu mita, au yafungwe katika mfuko mweusi wa plastiki na kuanikwa juani mpaka funza wafe. Silaha ya pili ni mitego yenye harufu inayowavuta madume, majike wakabaki wajane. Lakini vyote viwili havifui dafu ikiwa jirani haokoti maembe yake. Nzi hatambui mpaka wa shamba, na kijiji kinachopigana naye sharti kipigane pamoja.

Silaha ya tatu ilikuwapo siku zote, ila tuliichoma moto. Maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kujifanyia viota, ambao kila aliyewahi kupanda mwembe anawajua kwa maumivu, huwafukuza nzi wa matunda, na harufu wanayoiacha juu ya embe hutosha kumfanya jike aende kutaga kwingine. Uchunguzi uliofanywa katika miembe ya Benin umeonyesha kwamba penye maji moto wengi uharibifu hupungua sana. Kweli wanauma. Wanaochuma hujipaka majivu mikononi au huchuma mapema asubuhi wadudu hao wakiwa wamezubaa kwa baridi, na kwa rai yangu usumbufu huo ni bei ndogo.

Kuchuma, kuvumbika, kuunda

Embe la kuchumwa ni lililopea, yaani lililojaa mabega yake yakainuka kupita kikonyo, hata kama ganda lingali kijani. Likatwe pamoja na kipande cha kikonyo, kwani mwembe ni wa jamaa moja na mkorosho, na utomvu wake huunguza ngozi ya mtu na kuacha mabaka meusi juu ya tunda. Kutikisa tawi ni kuharibu. Upondo wenye kijifuko cha wavu ni bora. Kisha maembe huvumbikwa katika majani makavu, pamoja na moja au mawili yaliyokwisha iva, kwa sababu tunda linaloiva hutoa hewa iitwayo ethilini ambayo huwaamsha wenzake. Hewa hiyo ndiyo iliyokuwamo ndani ya moshi wa Wafilipino. Wachuuzi wasio na subira hutumia kabaidi, dawa itumiwayo kuchomea vyuma, ambayo huweza kuwa na mabaki ya sumu ya zarniki, na embe lililoivishwa hivyo huwa la manjano nje, ndani likabaki chachu na gumu. Bara Hindi imepiga marufuku matumizi hayo.

Embe bichi lina heshima yake pia. Watoto hulila kwa chumvi na pilipili. Katika mchuzi wa samaki huchukua nafasi ya ukwaju. Na achari yake ni ya kale kuliko wengi tunavyodhani, maana Ibn Battuta, msafiri wa Kimaghribi aliyepita Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali wenye samli pamoja na achari, na katika kuueleza mlo huo alilitaja embe, akisema kwamba likiwa bichi ni chachu mfano wa ndimu na likiiva ni tamu. Meza ya biriani ya Mombasa ya leo isingemshangaza. Baada ya pwani embe lilifuata misafara: njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, iliyopitisha pembe na watumwa, ilijipanga miembe, na mji wa Tabora ungali una mingi ya asili hiyo, iliyoota kutokana na kokwa.

Miti hiyo ya kokwa ina faida moja ambayo ya kubebeshwa haiwezi kuitoa. Mwembe wa kitalu hupogolewa ubaki mfupi na mpana, mchumaji aufikie. Ule wa kokwa huachwa upande juu, gogo lake likawa nene na refu bila matawi. Mbao zake hazisifiwi na maseremala, maana huliwa na wadudu upesi zikiwa nchi kavu, lakini ni nyepesi na laini kwa tezo, na kwa sababu hiyo ngalawa nyingi za pwani yetu, ile mitumbwi yenye mbawa mbili za kuizuia isipinduke, huchongwa kutoka gogo moja la mwembe. Fundi hulichagua mti ukingali umesimama, akauzunguka, akaugonga kwa mpini wa shoka kusikiliza kama ndani ni mtupu, ndipo akaanza mazungumzo ya bei na mwenye shamba, ambaye akiwa mwerevu hatauza mpaka awe amekata vijitawi vya kubebesha, ikiwa matunda yake yalikuwa na jambo.